Aliyemwaga Gesi Apepee

Vijana wenzangu wa karakana, siku mliponiaga kwa pilau, soda na keki mliniomba niwaandikie nilivyoifanya kazi hii, nami nikasema nitaandika nikipata nafasi. Nafasi nimeipata nyingi kuliko nilivyotaka. Mke wangu ameshanifukuza jikoni kwa kosa la kuinama nyuma ya friji yake kusikiliza kompresa. Anasema friji ni nzima, mgonjwa ni mimi.

Vyeo sitaviandika. Kwanza havikuwa vingi, na pili kontena la baridi halijali cheo cha anayelifungua. Nitawaandikia habari za mwanamke mmoja, mashine moja tuliyoiita Mbuzi, na kipande cha boksi. Na nitawaeleza kwa nini niliondoka pale Kurasini nimenuna, maana najua mliona.

Wiki ile ya mwisho nilikuwa napita nyuma ya safu ya makontena nikasikia mlio ninaoujua vizuri kuliko sauti za wajukuu wangu. Ni gesi ikitoka bombani kwenda hewani. Nilipozunguka sikumkuta mtu, nikakuta bomba tu linatoa jasho la baridi. Aliyefanya hivyo alisubiri nisiwepo. Kwa hiyo nilipokata keki yenu, moyoni nilikuwa nasema kwamba kazi ya Bi Somoe, ndiye mwanamke huyo, imekufa, nami nipo ninaangalia. Hilo ndilo lililoninunisha. Keki ilikuwa nzuri.

Nilifika Kurasini nikitokea chuo cha ufundi, na kabla ya chuo nilitokea Njombe, ambako asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole. Kichwani nilikuwa nimejipangia ofisi yenye feni. Nilichokikuta ni uwanja wa zege, makontena yamepangwa ghorofa, malori yanapiga honi, na katikati ya kelele zote mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu na kilemba, mipira ya geji za kupimia gesi imemning'inia shingoni. Huyo ndiye Somoe, fundi mkuu wa mashine za baridi, mtu wa Lindi. Nilimwamkia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe ndo kijana wa Njombe? Haya makubwa. Kwenu baridi ya bure, umekuja huku kuihangaikia. Njoo, weka mkono hapa."

Akaushika mkono wangu akauweka mbele ya feni ya nje ya kontena. Upepo uliotoka ulikuwa wa moto kama mtu anakupulizia usoni baada ya kunywa chai.

"Unasikia nini?"

"Joto, dada."

"La nini?"

"La mashine."

"Siyo la mashine peke yake. Hilo lilikuwa ndani ya kamba, hao kamba wa baharini waliomo humo. Sie hatutengenezi baridi, mdogo wangu. Baridi haitengenezwi. Tunatoa joto hapa, tunalitupa pale. Sasa kila siku ujiulize, pale ni kwa nani?"

Nikatazama upepo ule ulikoelekea. Ulikuwa ukipiga ukuta wa uwanja, na nyuma ya ukuta kulikuwa na nyumba za watu, kamba za nguo na moshi wa jiko. Chuoni walinifundisha jambo lile kwa michoro na mishale, nikafaulu mtihani, lakini hakuna mshale uliowahi kuniambia kwamba mwishoni mwake kuna mtu anaanika kanga.

Nisije nikaeleweka vibaya. Kazi ile niliipenda tangu wiki ya kwanza, na biashara ile ya bahari mpaka leo inanishangaza. Matufaha yanavuka maji kutoka nchi ambayo sitaiona, yanafika Temeke sokoni yakiwa magumu, mtoto anayang'ata yanalia. Kamba wetu wanaondoka kwenda kuliwa na watu wenye vitambaa mapajani, na kwenye kontena lililorudi tunaletewa vibua walioganda, nao mama wa Mbagala anawakaanga na kusomesha watoto. Dawa, damu na chanjo nazo husafiri kwa baridi. Wanaosema maendeleo hayana faida hawajawahi kukaa na samaki bila barafu mwezi wa pili. Lakini kila kontena lilikuwa na mgongo wa moto, na umeme ukikatika kila kontena lilikunywa dizeli ya jenereta, na jenereta ile ilitoa masizi yaliyotua kwenye kanga za nyuma ya ukuta. Mwaka hadi mwaka makontena yaliongezeka. Ukuta ulibaki pale pale.

Somoe hakuwa mtu wa kuhutubia mambo hayo. Alikuwa mtu wa sabuni. Kila Ijumaa asubuhi tuliosha migongo ya mashine zote, maana vumbi likiziba, mashine inahema zaidi na kunywa umeme zaidi. Kila kontena lililoingia alilipima mpira wa mlango kwa karatasi: unaibana karatasi mlangoni, unaivuta. Ikitoka kirahisi, baridi nayo inatoka kirahisi, na hapo hufungi kazi mpaka mpira ubadilishwe. Alipanga makontena yapeane kivuli. Mambo madogo, ya kuchosha, yasiyo na picha ya kupiga. Jenereta ikawa inazimwa mapema na mama wa nyuma ya ukuta anaanua nguo zake nyeupe.

Sasa niwaeleze habari ya gesi, nyie mnaijua lakini huenda atasoma na mtu asiyeijua. Ndani ya mabomba ya mashine ya baridi kuna gesi inayozunguka ikibeba joto. Ikikaa humo haina neno. Ikitoka, ile ya zamani ilikuwa inatoboa tabaka la juu linalotukinga na ukali wa jua, na hii iliyokuja baadaye haitoboi, ila inakaa juu yetu kama blanketi zito usiku wa joto. Huioni, haina rangi, hainuki. Ndiyo sababu kila fundi mjini, akitaka kutengeneza mashine, alikuwa anafungua bomba, inatoka yote, anatengeneza, anajaza mpya. Hewa ilikuwa jalala ambalo halina mlinzi.

Kuna mtambo wa kuinyonya gesi na kuirudisha kwenye mtungi, lakini miaka ile uwanja wetu haukuwa nao. Somoe akautengeneza. Alichukua kompresa ya friji iliyotupwa, akaifungia machujio mawili na mabomba ya shaba, akaviweka vyote juu ya gari la kusukumia mtoto mchanga lililokuja na mitumba. Ukiuwasha ulitetemeka na kulia kwa sauti nyembamba ya kukatika-katika, basi tukauita Mbuzi. Sheria ikawa moja: hufungui mashine kabla Mbuzi hajashiba. Ilikuwa kazi ya subira. Unafunga mipira, unawasha, unasikiliza anavyolia, na sindano ya geji inashuka taratibu utadhani imetumwa na mtu asiyetaka kwenda.

Wengine tulikuwa na haraka. Kwa hiyo Somoe akaweka na adhabu, na hii ndiyo iliyotufanya tuwe uwanja wa kuchekwa na viwanja vyote vya Kurasini. Fundi akimwaga gesi, kwa uzembe au kwa makusudi, saa ya chakula hali kwanza. Anachukua kipande cha boksi la matufaha, anasimama, anatupepea sote tuliokaa.

"Umetuongezea joto," Somoe alikuwa anasema, huku anakula wali wake bila haraka. "Basi tupunguzie."

Unapepea mpaka yeye aseme. Na alikuwa na namna yake ya kusema, haibadiliki. Anafuta mikono, anakutazama, kisha: "Kaa. Kumepoa." Hapo unakaa, unapewa chakula chako, na habari imekwisha, haisemwi tena. Sijawahi kuona adhabu nyepesi kiasi kile iliyoogopwa kiasi kile. Madereva wa malori walikuwa wanasimama langoni kuangalia nani leo ameshika boksi.

Aliyelishika mara nyingi kuliko sote alikuwa Chande, mtoto wa Temeke, mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi. Fundi hodari. Angeweza kuchomelea bomba huku anakusimulia mpira wa jana, na bomba lisivuje. Lakini kusubiri hakujaaliwa.

"Dada, sasa gesi ya kontena moja ndo itaiunguza dunia?" alilalamika siku moja akiwa anapepea. "Huko nchi za matajiri wana viwanda mpaka mbinguni, mie nipepee?"

"Wao siwaoni," Somoe akamjibu. "Ningewaona wangepepea. Nakuona wewe. Pandisha mkono, Mlowe hapati upepo."

Mlowe ni mimi. Na kweli nilikuwa sipati.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa miezi ya joto, umeme umekatika tangu jana yake, jenereta inanguruma, na tulikuwa na makontena mawili ya kamba yanayotakiwa kupanda meli jioni ile. Asubuhi yote mawili yakaanza kupanda joto. Tulipima tukakuta yanavuja, gesi iliyobaki ndani haitoshi kufanya kazi. Meneja wetu alikuwa Bwana Temba, mhandisi, mtu mwenye adabu zake, hata akikasirika alikuwa anakuita ndugu. Alikuja tai imelegea.

"Dada Somoe, meli haimsubiri mtu. Achieni hiyo gesi, zibeni, jazeni mpya, tuwashe. Leo Mbuzi apumzike."

"Mbuzi kwanza, bwana meneja."

"Kamba wataoza!"

"Nikiachia leo kwa sababu ya haraka, kesho haraka itakuwepo vilevile. Itakuwepo kila siku. Uwanja huu haraka ndo kazi yake."

Temba akavuta pumzi. "Makontena yakibaki hapa, wakubwa wataniuliza mimi. Na nitajibu ukweli, kwamba tulichelewa kwa sababu ya Mbuzi. Hapo sitaweza kukutetea, dada yangu. Wataniambia nimtoe Mbuzi, na wewe pamoja naye."

Somoe alikuwa na watoto watatu na mume aliyekuwa kitandani, hilo tulilijua. Akazivua geji shingoni, akazifunga kwenye kontena la kwanza.

"Yakibaki, namsukuma Mbuzi wangu mpaka getini na sirudi. Yakienda, usiniambie tena niachie gesi. Si mimi wala mtu wangu yeyote."

"Sawa," Temba akasema. Alikuwa mtu wa kusema sawa akimaanisha sawa.

Nilimsukuma Mbuzi mimi. Akaanza kulia, na sijawahi kumsikia analia taratibu vile. Somoe alipakaza povu la sabuni kwenye maungio, akatafuta mapovu yanapovimba, akapata tundu. La pili nalo likaonekana, pembeni, jembamba kama la sindano. Wakati huo akamtuma Chande stoo akaipime gesi mpya. Na hapa pana desturi nyingine yake: mtungi mpya haufungwi kwenye mashine hata siku moja kabla haujalala kivulini na kipimajoto ubavuni. Kila gesi ina tabia yake. Kwa joto fulani la hewa, lazima mgandamizo wake uwe kiasi fulani, hauwezi kudanganya. Unasoma kipimajoto, unasoma geji, unalinganisha na jedwali. Tuliona ni mbwembwe. Mtungi umekuja umefungwa, una lebo, una rangi yake, unaupima wa nini?

Chande alirudi anatembea. Mtu yule alikuwa hatembei, anakimbia, kwa hiyo tulijua kuna neno.

"Dada, njoo uone. Mie naona kama geji yangu mbovu."

Geji haikuwa mbovu. Tulibadilisha geji, tukabadilisha mtungi, tukapima yote iliyokuwa stoo. Sindano ilisimama pasipo pake kila mara. Bwana Temba alikuwa nyuma yetu na jedwali mkononi, akasoma, akasoma tena.

"Hii siyo gesi iliyoandikwa," akasema taratibu.

"Siyo," Somoe akasema. "Imevaa jina la mwenzake."

Gesi ya bandia. Huko ilikotoka, mtu asiyetufahamu alijaza mitungi uchafu wa rahisi, akabandika lebo nzuri, ikavuka bahari kama matufaha yalivyovuka. Mabaharia walikuwa wametusimulia kwamba gesi za namna ile zimewahi kupasua mashine na kuua mafundi. Kama tungemwaga ile ya zamani asubuhi kama tulivyoambiwa na kujaza hii, kamba wangeoza baharini, na huenda baadhi yetu wasingekuwa hai leo. Bwana Temba alikaa juu ya tairi bovu. Gesi nyingine kutoka mjini siku ile isingefika kabla ya meli kuondoka.

Somoe hakukaa. Alimwangalia Mbuzi, ambaye alikuwa ameshamaliza kontena la kwanza, kisha akaniambia, "Mlowe, ngazi ya stoo. Chini yake, ondoa magunia."

Nikaondoa magunia. Chini yake kulikuwa na mitungi yenye utepe mwekundu. Ilikuwa gesi ambayo Mbuzi alikuwa ameikusanya muda wote ule kutoka kwenye makontena yaliyokuwa yanakwenda kukatwa chuma chakavu, imechujwa na kuchujwa tena. Bwana Temba mwenyewe alikuwa ameagiza itolewe stoo kwa sababu inajaza nafasi bure. Somoe aliitoa stoo, kama alivyoambiwa. Hakuambiwa aipeleke wapi.

Tuliipima. Sindano ikakaa mahali pake, kwenye mstari kabisa, na Chande akapiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio. Tukachomelea matundu, tukayajaribu kwa naitrojeni kuona kama bado yanavuja, tukatoa hewa kwa pampu, tukajaza kwa mizani: kwanza gesi ya makontena yenyewe ambayo Mbuzi aliihifadhi, kisha ile ya utepe mwekundu. Ilitosha. Haikubaki. Mashine ziliposhika, Somoe aliweka kiganja nyuma, kwenye upepo wa moto, akasubiri, akaitikia kwa kichwa mara moja. Lori la kwanza likatoka kabla ya adhuhuri kupita mbali, la pili likafuata alasiri. Meli iliondoka nayo yote mawili.

Nilimpenda sana yule mama siku ile. Nasema wazi, na mke wangu ameshalisoma. Hakucheka, hakusema mnaona. Alifungua bomba la maji akaosha mikono mpaka kwenye viwiko, kisha akamuuliza Chande kwa nini ameacha mtungi wa kuchomelea wazi.

Kesho yake saa ya chakula, Bwana Temba akashuka ngazi za ofisi. Alivua tai akaikunja akaiweka mfukoni, akachukua boksi la matufaha, akararua kipande, akasimama mbele yetu na kuanza kupepea. Hakuna aliyemwambia. Tulikuwa tumeinua vijiko hatujui tule au tusimame. Langoni madereva walijaa. Somoe alimwacha kwa muda wa kutosha, haki haikuwa na upendeleo, kisha akafuta mikono.

"Kaa, bwana meneja. Kumepoa."

Nimefanya kazi chini ya mameneja wengi baada yake. Walikuwa wazuri, lakini hakuna niliyemheshimu kama yule.

Miaka iliyofuata ilikwenda kama mnavyoijua. Uwanja ulipanuka, mashine zikawa na kompyuta, mtambo halisi wa kunyonya gesi ukanunuliwa, tena mwekundu, mzuri. Mbuzi akawekwa pembeni, halafu siku moja nikakuta watu wa chuma chakavu wameshamchukua, limebaki gurudumu. Mjini nako baridi ilihamia majumbani. Zamani kiyoyozi kilikuwa cha benki na ubalozi, siku hizi Kimara kwetu ukutani kila nyumba ya pili ina mgongo wa moto. Na ninawaelewa, jua limekuwa kali, mtu anataka alale. Tunapoza ndani, nje panazidi kuwaka, tunanunua kingine tupoze zaidi. Uchumi wote naona unafanya kazi kama kontena lile la siku yangu ya kwanza. Mahali fulani pana raha, na nyuma yake pana mtu ameweka mkono kwenye upepo wa moto.

Bi Somoe, wakati huo sote tulikuwa tunamwita Bi, alistaafu akajenga Gongo la Mboto. Chande aliondoka mapema zaidi, alifungua karakana yake Mbagala. Siku aliyoondoka alisema, "Sasa nitakula chakula cha moto bila kupepea mtu." Nilimwamini. Nikamhesabu kuwa wa kwanza kusahau. Pale uwanjani wakaanza kuja mafundi wa mikataba, leo yupo kesho hayupo, na boksi likakosa mtu wa kulishika. Nilijaribu kuwapepesha wawili watatu wakacheka wakapiga picha. Mtambo mwekundu upo, lakini mtambo haumwambii mtu subiri. Kisha wiki ile ya mwisho nikausikia ule mlio nyuma ya makontena. Ndivyo nilivyowaaga.

Ningeishia hapo, na barua hii ingekuwa ya kulalamika. Lakini juzi jirani yangu, Mama Glory, mwalimu, aliita mafundi wamtengenezee kiyoyozi. Wakaja wawili, msichana na mvulana, wamebeba begi na mtambo mdogo. Mimi nilikuwa barazani kwangu nikijifanya nasoma gazeti. Mtambo ukawashwa, ukanguruma. Niliona aibu kusogea, mstaafu anayechungulia kazi za watu ni balaa. Mchana ulipofika Mama Glory akawapa ugali na dagaa, wakakaa chini ya ukuta. Nikageuza ukurasa. Nilipoinua macho, mvulana alikuwa amesimama, mkono mmoja nyuma, mwingine umeshika kipande cha boksi, anampepea mwenzake anayekula.

Gazeti lilianguka. Nikavuka ua bila hata kuvaa ndala.

"Shikamoo mzee," wakasema pamoja.

"Marahaba wanangu. Mbona unampepea mwenzio?"

"Aah, ishu ya kazi tu mzee," mvulana akasema, anacheka kwa haya. "Nimemwaga gesi kidogo asubuhi. Mpira ulichomoka. Kwetu ndo sheria, aliyemwaga gesi apepee."

"Na sista alikuona?"

"Hakuniona. Alikuwa ndani. Nimejisema mwenyewe." Akaendelea kupepea. "Bosi anasemaga asiyeonwa na mtu ndo apepee zaidi."

"Bosi wenu nani?"

"Fundi Chande, wa Mbagala."

Chande! Yule aliyesema dunia haiwezi kuunguzwa na kontena moja. Nilimuuliza msichana wako wangapi pale, akasema wengi, na waliotoka wamefungua za kwao, Tandika, Kigamboni, Chanika, na kote huko boksi liko. "Sie tumeikuta," akasema. "Nani aliianzisha hatujui."

Nikatoa simu nikampigia Bi Somoe Gongo la Mboto. Sauti yake sasa ni nyembamba, na masikio hayana nguvu, kwa hiyo nilikuwa napiga kelele ua zima linasikia. Nikamweleza yote: kijana, mpira uliochomoka, hakuna aliyeona, boksi, Chande.

"Gesi ilikuwa nyingi?" akauliza.

"Anasema kidogo, Bi."

"Na anapepea tangu saa ngapi?"

"Mwenzake ameshamaliza ugali."

Nikamsikia anajikohoza, kama zamani alivyokuwa akifuta mikono kabla ya kusema.

"Mwambie akae," akasema. "Kumepoa."

Nikamwambia. Kijana akaliweka boksi chini, akakaa, nami nikamsogezea sahani yake.